Ngazi Iliyosingiziwa

Dukani walimwita Mama Saizi, na si kwa sababu ya mwili wake, ingawa mwili alijaliwa. Walimwita hivyo kwa sababu ya jicho. Mteja akiwa bado mlangoni anajifuta jasho, yeye keshasema, "Thelathini na nane, lakini mguu wa kushoto mpana, tutatafuta ya mikanda." Ukipimwa, thelathini na nane. Kwa miaka kumi na tisa katika duka lile la viatu alikosea mara mbili tu, na mara zote mbili, kwa maneno yake mwenyewe, kosa lilikuwa la mguu.

Jicho alikuwa nalo, na mdomo alikuwa nao. Nyuma kabisa ya duka, karibu na mlango wa choo, palikuwa na rafu moja ya viatu vya watu wenye miguu inayosumbua: soli nene, mikanda mipana, rangi kama maji yaliyofuliwa nguo chafu. Yeye ndiye aliyeibatiza rafu hiyo Kona ya Wastaafu. Mtu akiulizia kiatu cha mguu unaouma, Mama Saizi alinyoosha kidole kule nyuma bila kuinuka na bila kushusha sauti. Siku moja mama mmoja mpole, goti limemchosha, alijaribu jozi kutoka rafu ile akauliza, "Vimenipendeza?" Mama Saizi akamjibu, "Mama yangu, hivyo havimpendezi mtu. Hivyo unavaa ukishakata tamaa." Duka zima likacheka. Yule mama naye akacheka, akavivua, akaondoka na goti lake mikono mitupu.

Nakwambia haya mapema ili usije ukaanza kumwonea huruma kabla ya wakati wake.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa visigino, tangu asubuhi duka likifunguliwa mpaka jioni likifungwa. Wenzake walimuuliza, huchoki? Akawaambia muuza viatu aliyevaa ndara ni sawa na kinyozi mwenye nywele timutimu. Kuchoka alikuwa anachoka, tena sana. Akifika nyumbani alitia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi kabla hata ya kumsalimia shangazi yake. Lakini hayo yalikuwa ya nyumbani.

Basi msimu wa joto ukakaribia. Bosi, mwanamke wa rika lake asiyependa maneno mengi, akataka sandali nyeupe zishushwe stoo zipangwe dirishani. Stoo ile ilikuwa na ngazi ya mbao, na ukutani juu ya ngazi ilibandikwa karatasi ya kalamu nene: NI MARUFUKU KUPANDA NGAZI NA VISIGINO. Mwandiko ulikuwa wa Mama Saizi. Ndiye aliyeiandika, ndiye aliyeibandika, na ndiye aliyewahi kumsimamisha muuzaji mgeni mbele ya karatasi hiyo akamsomesha kwa sauti mara tatu, kama mtoto wa chekechea.

Siku hiyo alikuwa amevaa sandali mpya nyekundu, kisigino chembamba cha kukata na shoka, hata hakijazoea sakafu. Kuvua, kupanda, kushuka, kuvaa tena, nani ana muda huo? Na karatasi ile, jamani, si aliiandika kwa ajili ya wengine? Akapanda. Karibu na juu kisigino kikanasa nyuma ya kidato cha ngazi, yeye akanyanyua mguu, kisigino kikasema ka! Akakishika kidato kwa mikono miwili, uzito wote ukakivuta, upande mmoja ukang'oka, naye akashuka na maboksi yake mpaka chini. Mguu wa kulia ulitangulia, ukajikunja chini yake. Mifupa miwili ya unyayo ikavunjika.

Sasa sikiliza alichofanya. Machozi yanamtoka, mguu unavimba anauona, na kule nje anasikia wenzake wanakuja mbio. Mikono yake, bila kumuuliza ruhusa, ikafungua bizimu za sandali zote mbili, ikazikusanya pamoja na kile kisigino kilichovunjika, ikavisokomeza kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Mlango ulipofunguliwa alikuwa peku, katikati ya maboksi. "Ngazi!" akasema. "Kile kidato! Kidato kimeniangusha!"

Kile kidato. Kiliwekwa wiki mbili kabla na fundi viatu aliyekaa barazani mwa duka. Miaka kumi na moja alikaa pale na sanduku lake, chuma chake cha kugongea na kopo lake la gundi, akibadilisha soli na kushona mikanda. Kwa kuwa alikuwa na mikono ya kazi, duka lilimpa na vitu vidogo vidogo: droo iliyokwama, bawaba, kidato cha ngazi. Jina lake hawakuwahi kulihitaji. Alikuwa Fundi, basi. Kidato alikipaka rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki koponi.

Bosi akatazama, akaona mtu yuko peku na kidato kinaning'inia kwa msumari mmoja. Angeona nini zaidi?

Wakati Mama Saizi anafungwa plasta, bosi alitoka nje, kule barazani, na kidato mkononi. "Ulitaka kuniulia mtu," akamwambia Fundi mbele ya wapita njia. Fundi akakipokea, akakigeuza, akachungulia tundu za misumari. "Hiki kimevutwa, bosi," akasema. "Kimevutwa na nani? Na jini?" Akamwambia akusanye vitu vyake, hana haja naye tena, na kidato chake aende nacho. Fundi akakusanya. Kwa miaka kumi na moja huwezi kuamini jinsi vitu vyake vilivyokuwa vichache. Akasema, "Mpeni pole mgonjwa," akajitwika sanduku, kidato akakibana kwapani, akaenda zake.

Jioni bosi akaja kumtazama mgonjwa, akamweleza yote hayo kama mtu anayetoa zawadi. "Nimeshamfukuza. Usiwe na shaka." Mama Saizi akafungua mdomo. Nafasi ilikuwa pale, wazi, kubwa kama mlango. Lililotoka ni hili: "Labda si kosa lake sana."

Sana! Neno hilo alilala nalo na kuamka nalo wiki sita za plasta. Kila akifumba macho alimwona Fundi anainama kuokota misumari yake barazani. Alijiambia atamwambia bosi mguu ukipona kidogo. Ulipopona kidogo akajiambia ngoja nitoe plasta. Unajua mtu anavyoweza kujipangia tarehe.

Plasta ikatoka. Mguu uliotoka ndani yake ulikuwa mwembamba juu na mnene chini, ngozi inabanduka, hata yeye aliyeshika maelfu ya miguu hakutaka kuutazama. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, dada mmoja mchangamfu asiyejua utani, akamwambia avae kiatu cha maana kwa mwaka mzima. "Visigino?" akauliza Mama Saizi. "Sahau." "Ndara?" "Hizo ndiyo kabisa usiniambie." Kiatu kiwe wazi, kwa sababu joto limeingia na mguu utakuwa unavimba kila mchana. Kiwe na mkanda wa nyuma wa kushika kisigino. Mikanda ya mbele iweze kulegezwa. Ndani kiinuke kidogo kubeba tao la unyayo. Na soli isikunjike pale kwenye vidole. "Kishike mbele na nyuma ukikunje," yule dada akasema. "Kikikunjika kama daftari, kirudishe rafuni."

Miaka kumi na tisa anauza viatu, hakuwahi kukunja hata kimoja.

Kazini alitakiwa Jumatatu ya wiki ya pili. Dukani kwao hakuenda kutafuta, thubutu! Alikodi gari mpaka upande wa pili wa mji, kwenye duka ambalo hakuna anayemfahamu, akaingia na fimbo yake na buti jeusi alilopewa hospitali. Binti aliyekaa kaunta akamtazama buti, akanyoosha kidole bila kuinuka. "Vya kwako viko kule nyuma, mama." Kwa sauti ile ile. Mama Saizi akaenda kule nyuma. Alitaka ardhi ipasuke immeze. Akajaribu vya kijivu, akajaribu vya kahawia ya tope, akajitazama kwenye kioo. Binti akasema kwa wema kabisa, "Kwa umri ni vizuri tu."

Siku tatu alizunguka. Sandali iliyompendeza ilikunjika kama daftari. Isiyokunjika ilikuwa kama tofali lenye kamba. Moja ilikuwa nzuri na ngumu, akashangilia moyoni, kumbe haina mkanda wa nyuma, na kila hatua kisigino kinachomoka. Nyingine ilimfaa asubuhi, ilipofika saa nane mguu umeumuka, mikanda imezama kwenye nyama. Siku ya tatu akarudi nyumbani, akakaa kitandani akalia. Usiseme alilia kwa sababu ya viatu tu.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyekula chumvi nyingi na kusikia kidogo, akaja na kikombe cha chai. Shangazi huyu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Vifungo, mifuko, makopo, nusu za mishumaa, vyote alivihifadhi kwa siku ambayo vingehitajika.

"Unalia nini na fundi yupo?" akauliza.

"Fundi gani, shangazi?"

"Wa barazani kwenu. Siku hizi yuko kwenye kichochoro kando ya duka la fotokopi. Mtu wa watu! Akutengenezee."

"Huyo simtaki."

"Humtaki kwa lipi? Mimi kiatu chako si nilimpelekea?"

Mama Saizi akaweka kikombe chini polepole. "Kiatu gani?"

"Kile chekundu! Nilikikuta na mwenzake kwenye mkoba wako siku ile uliyovunjika, kisigino huku, kiatu kule. Nikasema kiatu kipya hiki, kitupwe? Nikampelekea. Nikamwambia ndicho alichoanguka nacho mtoto wangu, kitengeneze, akipona akikute kizima. Alikitazama weee, halafu akasema, acha, mama, akipona aje akichukue mwenyewe." Shangazi akatabasamu kwa kazi nzuri aliyoifanya. "Na pesa alikataa."

Kwa hiyo alijua. Miezi miwili Fundi alikuwa anajua, tena kwa kuletewa mkononi, na yeye mkoba ule hakuthubutu kuufungua tangu aanguke. Mama Saizi alihisi uso unamwaka mpaka masikioni, akajifunika kanga kichwani kama mtu aliyevuliwa nguo njiani. Shangazi akadhani ni homa, akaenda kutafuta kidonge katika makopo yake.

Kesho yake alienda. Alipiga moyo konde, ukarudi, akaupiga tena. Kichochoro kilikuwa chembamba, upande mmoja mashine ya fotokopi inaguna, upande wa pili Fundi kaegemea ukuta na sanduku lake. Baraza hakuna, kivuli ni cha turubai. Na kwenye msumari, katikati ya viatu vya watu, ilining'inia ile sandali nyekundu na mwenzake, kisigino kipo mahali pake, imepakwa rangi inang'aa.

"Karibu, mama," Fundi akasema. "Pole na mguu. Unaendeleaje?"

Mama Saizi akasema anaendelea. Akaeleza anachotaka, haraka haraka, mkanda wa nyuma, soli isiyokunjika, macho chini kwenye misumari. Fundi akatandika karatasi, akamwambia akanyage, akauchora mguu kwa penseli kuanzia kisigino kuzunguka vidole. Kisha akamwomba asubiri mpaka saa tisa, mguu ukivimba auchore tena juu ya mchoro ule ule. Kwa muda wa saa tatu nzima alikaa kwenye kiti kifupi akisubiri Fundi aseme. Afadhali angemtukana. Fundi alishona begi la mtu, akagonga soli ya mtu, akasikiliza redio.

Saa tisa akachora mara ya pili. Mstari wa pili ulikuwa nje ya wa kwanza, kama upana wa kidole. "Rangi gani?" akauliza.

"Nyeusi. Yoyote. Isionekane."

"Wewe? Nyeusi isionekane, na joto hili?" Akatikisa kichwa. "Nitakutengenezea ya kuonekana."

Hapo Mama Saizi akashindwa. "Fundi," akasema, "ile nyekundu uliiona?"

"Niliona soli." Akaitungua msumarini, akaigeuza. Mbele kidogo ya kisigino palikuwa na mchubuko uliokatiza soli, na ndani ya mchubuko, hata baada ya kusafishwa, chembe za rangi ya kijani. Hakuhitaji kueleza. Wote wawili walikuwa watu wa viatu.

"Mbona hukumwambia bosi?"

"Nimwambie nini? Shangazi yako kaniletea kwa moyo mweupe, mtu mzima yule. Nikikibeba kiatu alichoniletea nikakitolee ushahidi, nitamtazamaje tena?" Akairudisha msumarini. "Halafu nilijua utakuja. Wiki ya kwanza nikasema kalazwa. Ya pili nikasema plasta nzito. Baadaye nikaacha kusema."

Mama Saizi akachukua fimbo yake. "Nitamwambia bosi. Jumatatu."

"Haya," Fundi akasema, akawasha tena redio.

Ijumaa viatu vilikuwa tayari, na hapa lazima niseme kweli, vilikuwa vizuri kupita kiasi. Ngozi ya rangi ya asali, mikanda miwili mipana iliyopishana juu ya unyayo, mmoja ukifunika pale palipovunjika bila kupabana, bizimu ndogo za shaba, mkanda laini wa nyuma wenye sponji ndani. Pembeni alishona uzi mweupe kwa mkono, mishono midogo sawasawa. Mama Saizi akavishika mbele na nyuma akavikunja kama alivyofundishwa. Havikukunjika.

"Umetia nini?"

"Kibao, katikati ya soli. Cha kulia na cha kushoto." Fundi alikuwa anafuta mikono. "Ule mti wa kidato. Nilikichana. Mti mzuri ule, nilisikitika kuutupa."

Mama Saizi alisimama juu yake. Ni kidato kile kile alichosema hakikuweza kumbeba. Alitembea mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke mguu haukumchoma. Akasema asante, asante sana, akalipa, akachukua na zile nyekundu zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, akaondoka karibu mbio.

Jumatatu dukani vilipigwa vigelegele. Wenzake walimzunguka, mmoja akainama kabisa kugusa mshono. Bosi, ambaye husifu kitu mara moja kwa mwaka, akasema, "Hizi zimetoka wapi? Hizi lazima tuziuze."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, nayo ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Mama Saizi akasema, "Nimeagiza."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu tu."

Kwa mtu tu! Nilikwambia ngoja kumwonea huruma. Asubuhi nzima akasimama, akauza, akasifiwa, na kila mara wanawake walipouliza alisema nimeagiza, na kila aliposema alihisi kile kibao chini ya unyayo. Kwenye mkoba zile nyekundu zilikuwa bado ndani ya gazeti, na yeye aliusogeza mkoba kila mara kwa mguu mzima, uingie zaidi chini ya kaunta.

Saa kumi akaingia mama mmoja na fimbo. Mama Saizi akamtambua kwa mguu kabla ya uso: arobaini, goti la kulia linavutwa. Ni yule mpole. Hakwenda kule nyuma. Alisimama palepale akitazama chini, kwenye miguu ya Mama Saizi, uso umejaa furaha ya kweli.

"Kumbe vipo vya kupendeza!" akasema. "Mwanangu, mimi nilikusikiliza wewe, nikaacha kabisa kutafuta. Tangu siku ile natembea na ndara, na goti ndiyo limezidi. Hivyo umepata wapi?"

Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu, Mama Saizi angepata la kujibu, mdomo si alikuwa nao? Lakini yule mama aliuliza kama mtu anavyouliza njia, na uongo wa "nimeagiza" ukagoma kutoka.

"Kichochoro cha fotokopi," Mama Saizi akasema. "Kuna fundi. Alikuwa hapa barazani kwetu."

Bosi akainua kichwa kwenye kaunta. "Yupi? Yule aliyekuvunja mguu?"

Wateja walikuwa saba au wanane, na wenzake wote. Mama Saizi akainama, akautoa mkoba, akafungua lile gazeti, akaziweka sandali nyekundu juu ya kaunta, soli juu.

"Hakunivunja," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akaikaza. "Nilipanda na hizi. Kisigino kilinasa. Kidato nilikivuta mimi wakati naanguka. Mlipokuja nilikuwa nimeshazificha."

Bosi aliitazama soli. Kisha akaenda stoo. Walimsikia akibandua kitu ukutani. Akarudi na karatasi, akaiweka kando ya zile sandali.

"Soma."

"Bosi..."

"Kwa sauti."

Mama Saizi akasoma. "Ni marufuku kupanda ngazi na visigino." Mwandiko wake mwenyewe ulimruka ruka machoni. Aliendelea kusimama pale akisubiri kuambiwa asome mara ya pili, na mara ya tatu. Bosi hakumwambia. Muuzaji yule aliyewahi kusomeshwa, ambaye sasa hakuwa mgeni tena, aligeuka akaanza kupanga viatu vilivyokwisha kupangwa, na hilo lilimuuma Mama Saizi kuliko kama angecheka.

"Nilimtukana mtu mzima barabarani," bosi akasema, karibu kama anajisemea. "Kwa mdomo wako." Kisha akasema, "Kuanzia kesho ile rafu ya nyuma ni yako. Dirishani atapanga mwingine. Sasa nenda kamwite. Mwambie arudi barazani, mwambie naomba radhi."

Alikwenda kwa miguu. Mitaa minne, kwa mguu ule, jua limeelekea kushuka na joto bado linatoka kwenye lami. Njiani alijisikia mwepesi kidogo, nisikudanganye. Alishasema, yamekwisha. Alimkuta Fundi anashona mkanda.

"Nimemwambia bosi," akasema akihema. "Mbele za watu wote. Anasema urudi barazani kwako. Anaomba radhi."

"Nimemsikia bosi," Fundi akasema. Sindano ikaingia, ikatoka. "Na wewe?"

Mama Saizi akarudi nyuma kichwani, siku moja moja. Siku ya kuchorwa mguu alisema nitamwambia bosi. Ijumaa alisema asante, asante sana. Leo amesema bosi anaomba radhi. Saa tatu nzima alikaa kwenye kiti hiki hapa akisubiri mtu huyu aseme neno, na neno lilikuwa lake yeye. Hakuwahi kulisema. Hata mara moja.

Akataka kupiga magoti. Miaka kumi na tisa alipiga magoti mbele ya miguu ya watu, alikuwa hodari wa hilo, lakini mguu ulikataa kukunjika na akapepesuka akashika ukuta. Fundi akakisukuma kile kiti kifupi kwa mguu wake. "Kaa, mama. Utajivunja tena, na safari hii atafukuzwa mwenye fotokopi."

Akakaa. Hakucheka, na Fundi naye hakucheka.

"Nisamehe," akasema. "Nilikuona mtu wa kusukumwa tu. Nilijua wataamini wewe ndiye mwenye kosa kabla hata sijamaliza kusema. Ndiyo maana nilisema." Alikuwa analia sasa, pua na yote, na watu waliokuja kutoa fotokopi walimtazama. "Nimeona aibu kila siku, na aibu yenyewe nilikuwa najionea mimi tu, si wewe. Nisamehe, Fundi."

Fundi alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Alichukua muda wake. Miezi miwili alikuwa amesubiri, hakuna wa kumharakisha.

"Barazani sirudi," akasema. "Hapa wameshanizoea. Mwambie bosi radhi yake nimeipokea." Kisha akasema, "Yako pia. Lakini itachukua siku."

"Sawa," Mama Saizi akasema.

"Ile ngazi mmeifanya nini?"

"Imesimama vile vile. Hakuna anayeigusa. Ina pengo."

"Alhamisi nitakuja kuiwekea kidato. Na kuna mama wa fimbo kashushwa hapa na bajaji sasa hivi, anataka kama vyako. Anasema umemwelekeza wewe." Akanyoosha mkono. "Hebu vua hicho cha kulia nione soli."

Akavua. Fundi akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pembeni, akatazama vumbi lilivyoshika upande mmoja tu.

"Unauhurumia huu mguu," akasema. "Unatembelea ukingo. Mifupa imeshaunga, mama. Kanyaga."

Akamrudishia. Mama Saizi akavaa, akafunga bizimu, akasimama bila kushika ukuta. Akauweka mguu wa kulia mbele na kuuelemea, uzito wake wote, ule aliojaliwa. Kile kibao kikambeba.